Taa Imewaka. Kwa Hiyo?

"Mtoto yuko chuo mwaka wa pili na bado anafunga waya kwenye ubao. Kijana wa mtaani hajakanyaga darasani, kamaliza nyumba nzima kwa wiki moja, na taa zinawaka."

Wazazi wanasema hivyo. Wenye nyumba wanasema hivyo. Siku hizi hata wanafunzi wameanza kusema, tena wakiwa na bisibisi mkononi na sakiti iliyolegea mahali pawili. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, ili siku nyingine nitume kiungo tu niendelee na chai yangu.

Nafundisha ufungaji umeme wa majumbani, ngazi ya kwanza na ya pili za ufundi stadi. Ninayoyasema yanahusu vyuo vya mfumo wa VETA, mamlaka ya Tanzania ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, lakini hata ukiingia kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi, vile vilivyoanza 1975, utayakuta hayo hayo: ubao, kifaa kimoja kwa watu wengi, na mzazi anayeuliza mbona mafunzo hayaishi.

Nianze kwa kukubali kinachokubalika, tena haraka. Kijana wa mtaani ana kasi. Kutindua ukuta wa tofali za saruji bila kuubomoa, kulaza paipu ya milimita 20, kuvuta waya sita kupitia kona tatu huku mwenzako anasukuma kutoka upande wa pili, kugundua kwamba paipu imeziba saruji kabla hujaanza kuvuta: hayo chuo hakiyafundishi vizuri, na sitajifanya. Ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4 hauna kona. Kila kitu kinaonekana. Mwanafunzi anayefunga taa mbili na soketi moja kwa dakika 40 ubaoni anaweza kumaliza siku mbili ukutani, mwenye nyumba akiwa amesimama nyuma yake mikono kiunoni. Ni kweli. Liishie hapo.

Ninachokataa ni kipimo chenyewe. "Taa zinawaka." Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Wahenga hawakufunga umeme. Kwenye umeme vinaelea hata visipoundwa, tena vinaelea miaka.

Taa ikiwaka inakuambia jambo moja tu: kuna njia kutoka kwenye fezi, waya unaoleta umeme, kupitia balbu, kurudi kwenye nyutro, waya unaourudisha. Haikuambii swichi inakata waya upi. Haikuambii kama ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, ipo. Haikuambii kama skrubu imekazwa au imeguswa tu, wala kama waya unaiweza breka, swichi inayojikata mkondo ukizidi, iliyowekwa mbele yake. Mwanafunzi akiniuliza, "Mwalimu, si inawaka?" huwa namjibu kwamba hata kibatari kinawaka.

Chukua swichi iliyofungwa kwenye nyutro badala ya fezi. Ukibonyeza, taa inawaka. Ukibonyeza tena, inazima. Hakuna mtu atakayelalamika. Lakini swichi ikiwa imezimwa, holda bado ina fezi, volti 230 zimekaa zinamsubiri atakayepanda kwenye stuli kubadilisha balbu. Kosa hili halitokani na ujinga wa umeme. Linatokana na roli la waya kuisha. Mwekundu umeisha saa kumi jioni, duka limefungwa, fundi anamalizia na mweusi, na kesho yake hakumbuki upi ni upi. Kisha ongeza mkanganyiko wa rangi: zamani nyekundu fezi, nyeusi nyutro, kijani ethi, siku hizi kahawia fezi, bluu nyutro, kijani na njano ethi. Madukani utazikuta zote. Na kwa rangi za zamani za fezi tatu, bluu ilikuwa fezi, wakati kwa rangi mpya nyeusi ni fezi. Mtu anayefunga kwa kuamini rangi bila kupima anacheza bahati nasibu.

(Kuna wanaosema balbu ya LED ikibaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, basi swichi imekaa kwenye nyutro. Huenda. Lakini waya mrefu wa swichi ukilazwa sambamba na waya wenye fezi ndani ya paipu moja, balbu hiyo hiyo itaonyesha mwanga huo huo hata kama kila kitu kimefungwa sawa. Ni dalili ya kukufanya upime, si ya kukufanya utoe hukumu.)

La pili ni ethi, na hapa ndipo ninapoanza kuchemka. Birika halihitaji ethi ili lichemke. Pasi haihitaji ethi ili iwe moto. Waya wa ethi usipokuwepo kabisa, au ukiwepo lakini umeingizwa kwenye terminali ya soketi, tundu lenye skrubu ya kushika waya, bila kukazwa, nyumba itakaa miaka kumi bila mtu kujua, mpaka siku fezi itakapogusa bodi ya friji, yaani ganda lake la chuma.

Mwenye nyumba aliyesoma kidogo atakuambia, "Mimi nina RCD, nikibonyeza kile kitufe cha T inaruka, kwa hiyo ethi yangu nzima." (RCD ni kifaa kinachoruka, yaani kukata umeme, kikihisi mkondo unavujia ardhini.) Wanafunzi nao wanasema hivyo, na wengine wanaandika hivyo kwenye mtihani. Hapana. Kitufe cha T hupitisha mkondo mdogo ndani ya RCD yenyewe, kutoka upande wa fezi kwenda upande wa nyutro, kwa njia inayokwepa kihisi. Ethi haiguswi kabisa. Chomoa waya wa ethi, ng'oa fimbo ardhini uiuze chuma chakavu, kitufe cha T kitaendelea kuruka vizuri kabisa. Kinachothibitishwa ni kwamba mtambo wa kuruka haujakwama. Ni jambo la maana, kibonyeze, lakini si ushahidi wa ethi. Kwenye nyumba isiyo na ethi, RCD itasubiri mpaka mkondo upate njia ya kwenda ardhini, na njia hiyo inaweza kuwa wewe.

Nyumba nyingi huku kwetu zinategemea fimbo iliyopigwa ardhini pale pale nyumbani. Piga hesabu. Fimbo ikiwa na ukinzani wa omu 100, na fezi ikagusa bodi ya kifaa, mkondo ni 230 gawanya kwa 100, yaani ampea 2.3. Breka ya ampea 32 haitatikisika. Hata ya ampea 6 ya taa haitaruka. Bodi itabaki na umeme, na ni RCD ya miliampea 30 peke yake itakayokuokoa. Kwa hiyo fundi anayesema "nimeweka breka nzuri, RCD ni gharama ya bure" hajui kazi, awe ametoka chuoni au mtaani.

Sasa niseme ninachokionea shaka. Kwa hesabu tupu, RCD ya miliampea 30 inaridhika hata na fimbo ya omu 1,667, maana volti 50, kikomo cha usalama kwa anayegusa bodi, gawanya kwa 0.03 ndiyo hiyo. Vitabu hushauri isizidi 200, kwa sababu ardhi hukauka na kipimo hupanda. Sawa. Lakini mwanafunzi apige fimbo ya mita 1.2 kwenye udongo wa Dodoma mwezi wa kumi, afanye kila hatua sawasawa, apate 380. Nimpe maksi gani? Amefanya kazi vizuri na kipimo ni kibaya. Mwenzake kapiga fimbo kihovyo karibu na karo la maji machafu, kapata 40. Fomu ya tathmini inataka namba. Mimi namtaka yule wa kwanza aniambie atafanya nini baadaye: aongeze fimbo ya pili, umbali usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, aunganishe, apime tena. Akisema hivyo namwandika mahiri. Sina hakika kwamba mkaguzi mwingine angefanya hivyo.

La tatu ndilo lililonifanya nianze kuandika. Sakiti ya ringi ya soketi.

Unaijua: waya wa milimita 2.5 mraba unatoka kwenye breka ya ampea 32, unapita soketi ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, kisha unarudi kwenye breka ile ile. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili, na ndiyo sababu waya wa 2.5, ambao peke yake ndani ya paipu ya ukutani hubeba kama ampea 20 hadi 24, unaruhusiwa kukaa nyuma ya breka ya 32. Mkondo unagawanyika.

Sasa waya ukatike, au uchomoke kwenye terminali ya soketi ya nne. Nini kinatokea? Hakuna. Soketi tatu zinalishwa kutoka upande mmoja, zilizobaki kutoka upande wa pili. Zote zina umeme. Chaji simu, washa redio, kila kitu kinakwenda. Kijana kamaliza kazi, analipwa, anaondoka.

Halafu siku ya sikukuu jikoni: birika la wati 2,000, jiko la plate mbili la wati 2,000, pasi ya wati 1,600, maikrowevu ya wati 1,200. Jumla wati 6,800, karibu ampea 30, na vyote vimechomekwa upande mmoja wa mkatiko. Breka ya 32 inaona ampea 30 inasema sawa, ruksa. Waya unaopaswa kubeba nusu unabeba zote. Haulipuki, ungelipuka ingekuwa afadhali. Unapata joto taratibu ndani ya plasta, plastiki yake inakauka, inakuwa ngumu, inapasuka. Mwaka wa tatu watu wanasema ni hitilafu ya umeme.

Kosa hili huwezi kuliona kwa testa, wala kwa balbu ya majaribio, wala kwa "taa zinawaka". Linaonekana kwa kipimo kimoja tu, umeme ukiwa umezimwa, na kipimo hicho ndicho kinachomweka mtoto wako kwenye ubao mwaka wa pili.

Hatua zake: zima mein swichi, thibitisha umezima, toa ncha zote mbili za ringi kutoka kwenye breka, za nyutro kutoka kwenye baa ya nyutro, za ethi kutoka kwenye baa ya ethi. Pima fezi ncha kwa ncha. Ringi ya mita 40 ya shaba ya 2.5 inatakiwa kusoma karibu omu 0.30, maana waya huo una miliomu 7.41 kwa mita. Pima nyutro, upate karibu sawa. Pima ethi, ikiwa nayo ni ya 2.5, sawa tena, ikiwa ni ya 1.5, karibu 0.48. Kipimo kikisoma wazi kabisa, ringi si ringi. Baada ya hapo unapishanisha: ncha ya kwanza ya fezi na ncha ya pili ya nyutro, ncha ya pili ya fezi na ncha ya kwanza ya nyutro. Unakwenda kila soketi unapima kati ya fezi na nyutro. Zote zisome karibu 0.15, robo ya jumla ya zile mbili. Soketi iliyotolewa kama tawi itasoma juu kidogo, na hilo si kosa. Kisha unarudia kwa fezi na ethi.

Wanafunzi wanaharibu wapi? Kwenye kupishanisha. Badala ya kupishanisha wanaunganisha fezi na nyutro za upande ule ule, basi kila soketi inasoma namba yake, na wanakuja mbio: "Mwalimu, ringi mbovu!" Ringi nzima, nyie ndio mmekosea. Kosa la pili ni kutoondoa ukinzani wa nyaya za kipimo chenyewe. Multimita ya bei rahisi, nyaya zake zikigusana peke yake zinaweza kusoma 0.3 au 0.4. Ukiwa unatafuta 0.15 kwa chombo hicho, ni kama kupima chumvi ya mchuzi kwa mizani ya gunia la mkaa. Lazima uguse ncha kwa ncha kwanza, uandike, utoe.

Hapo tena nina shaka, na ni shaka kubwa. Je, tuendelee kufundisha ringi? Mafundi wengi wanafunga radiali: waya wa 2.5, breka ya ampea 20, soketi zinafuatana na kuishia. Radiali ikikatika katikati, soketi zinazofuata zinakufa na mwenye nyumba anapiga simu siku hiyo hiyo. Inajitangaza. Ringi ikikatika inanyamaza. Mtaala ungekuwa wangu, huenda ningeifundisha ringi kwa ajili ya kuikagua tu, si kwa ajili ya kuifunga. Lakini nyumba zenye ringi ziko nyingi, na anayeijua ringi, radiali hiyo ni mchezo kwake. Kila muhula nabadilisha mawazo.

Kuhusu mega, kipimo cha uzima wa plastiki inayofunika waya, nitakwenda haraka, ingawa ndicho kifaa kinachoheshimika kuliko vyote kwenye karakana. Volti 500 za mkondo mnyoofu, fezi na nyutro zimefungwa pamoja dhidi ya ethi, na kipimo kisipungue megaomu 1. Vitabu vya zamani vinasema 0.5. Toa balbu zote, chomoa kila kitu, tenga vyenye elektroniki ndani yake, zikiwemo soketi za USB, la sivyo utaviua. Washa swichi zote, maana swichi iliyozimwa inaficha waya wote ulio nyuma yake. Swichi za njia mbili uzipime mara mbili, kila upande. Nyumba mpya ikisoma megaomu 2 imefaulu, lakini mimi ningefungua maboksi kutafuta waya uliochunwa na ukingo wa boksi, au paipu iliyoingia maji kabla plasta haijakauka. Waya mpya kavu unasoma mamia. Na tafadhali, multimita haifanyi kazi hii. Betri yake ni ya volti 9. Mchubuko unaopitisha umeme kwa volti 500 hauoni volti 9 hata kidogo.

Mpaka hapa nimekitetea chuo. Sasa upande wa pili, maana mzazi ana haki ya kujua.

Chukua darasa la wanafunzi 24, mega moja, kipindi cha vitendo cha saa tatu. Dakika 180 kwa watu 24 ni dakika saba na nusu kila mmoja. Hazitoshi kufunga klipu, kupima sakiti mbili na kuandika. Kwa hiyo wanakaa makundi ya watu sita: mmoja anapima, mmoja anaandika, wanne wanatazama. Yule anayepima ni yule yule kila wiki, kwa sababu ana mkono mwepesi na wenzake wanataka kumaliza. Mwisho wa muhula kundi zima lina matokeo mazuri na watu watano hawajawahi kuzungusha kitufe cha mega. Kama mtoto wako ni mpole, muulize swali moja tu akirudi likizo: wewe kwenye kundi unafanya nini? Akisema "mimi naandika", mwambie muhula ujao asishike kalamu.

Kisha waya. Waya wa karakana unatumika tena na tena. Kipande cha mita mbili muhula huu ni mita moja na nusu muhula ujao, kwa sababu kila zoezi linakata ncha. Skrubu za soketi zimepita mikono mingi mpaka zinazunguka bure. Madhara yake hayaonekani chuoni, yanaonekana mtaani: mhitimu anaacha sentimita sita za waya ndani ya boksi la 3 kwa 3, kwa sababu miaka miwili amezoea waya kuwa mali ya serikali. Sentimita sita hazikuruhusu kuitoa soketi nje ukakaza skrubu. Acha 15 mpaka 20, ukunje vizuri ndani. Siku ya kwanza kazini akemewe kwa hilo, ni haki, ila kosa ni letu kabla ya kuwa lake.

Na terminali. Ningeweza kuandika makala nzima kuhusu terminali. Chuna milimita 10 hadi 12, si 5, si 20. Waya wa nyuzi saba, zisokote pamoja, zote saba. Kuna mtindo, na umeletwa chuoni kutoka field, yaani mafunzo kazini, wa kupunguza nyuzi mbili tatu ili waya uingie kwa urahisi kwenye tundu. Umenunua waya wa 2.5 halafu mwishoni umeufanya wa 1.5. Waya wa uzi mmoja ukiwa peke yake kwenye tundu kubwa, ukunje mara mbili ili skrubu ipate kitu cha kuuma. Skrubu iume shaba. Ikiuma plastiki, taa itawaka miezi mitatu kisha soketi inaanza kugeuka rangi ya kahawia. Ukimaliza kukaza, vuta. Uvute kwa nguvu ya kweli, si kuupapasa kama shingo ya paka. Mwanafunzi ananuna nikimfungulisha boksi zima kwa sababu ya skrubu moja. Anune tu.

Field sasa. Kila mtu anasema, "Kazi ataijua field." Mara nyingi kazi anayoijua ni tindo na nyundo. Mwanafunzi mgeni anapewa kutindua, kubeba ngazi, kufuata vocha na maji ya kunywa, na siku ya kufunga bodi ya breka fundi mkuu anaifunga mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo penye hela na ndipo penye hasara. Simlaumu, ana mteja. Lakini logibuku inajazwa "tumefunga bodi ya breka" na inasainiwa. Tumefunga nani? Mwanafunzi mjanja ataomba vitu viwili tu: aweke lebo kwenye bodi, na akaze upya skrubu zote baada ya fundi mkuu kumaliza, umeme ukiwa haujawashwa. Fundi hatakataa, maana ni kazi ya kuchosha, na mwanafunzi atakuwa amepitisha mkono kwenye kila sakiti ya nyumba.

Na neno "mahiri". Mfumo wetu unampima mtu kwa umahiri: ama umeweza, ama bado. Naupenda mfumo huu kwa kutindua na kulaza paipu, maana paipu ama imenyooka ama haijanyooka. Kwenye kutafuta hitilafu siuamini sana. Ninapoficha kosa kwenye ubao kwa makusudi, nikachomoa ethi nyuma ya soketi ya tatu, wa kwanza anatumia dakika 25. Wa nane anatumia dakika nne, kwa sababu wa kwanza amemnong'oneza koridoni. Wote wawili mahiri. Dawa ni kubadilisha kosa kwa kila mtu, na hiyo inataka muda ambao ratiba haina.

Kwa vijana wa mtaani waliosoma mpaka hapa kwa hasira: kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unapimwa kwa ulichonacho na kupewa cheti. Nendeni. Mnaofika, paipu zenu mara nyingi ni nzuri kuliko za wanafunzi wangu. Mnakwama kwenye vipimo, kwa sababu hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuwalipa kwa kupima. Na kwa wahitimu wangu: cheti si leseni. Kufunga umeme na kusaini fomu kunataka leseni ya daraja lako kutoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kukodi mhuri wa mtu mwingine ni kuweka jina lake kwenye moto wako.

Kwa hiyo mzee, au mama, unayetaka kujua kama ada yako imekwenda bure, usimwambie mtoto akufungie taa ya nje. Mpeleke kwenye nyumba yenye ringi, zima mein swichi mbele yake, mwambie akuletee vipimo vitatu vya ncha kwa ncha: fezi, nyutro, ethi. Mpe saa nzima. Akirudi na 0.31, 0.29 na ethi ya 0.50, akaanza kukueleza mbona ethi iko juu, mpe nauli na soda. Akirudi baada ya dakika kumi na 0.30, 0.30, 0.30, hizo kazijaza akiwa amekaa chini ya mwembe.